Sindano 13 kwa mwaka: barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Mkoa wa Kilimanjaro

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, na Wakurugenzi pamoja na Waganga Wakuu wa halmashauri zote saba: Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kabla makisio ya mwaka ujao wa fedha hayajafungwa, kwa sababu ombi letu ni dogo kiasi cha kupotea katikati ya kurasa za Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Tunaomba kila halmashauri itenge benzathini penisilini, yaani penisilini ya sindano inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa ajili ya wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi, ichomwe katika kituo kilicho karibu na mgonjwa kwa siku inayojulikana, na mahudhurio yao yahesabiwe kama yanavyohesabiwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Sisi ni matabibu, wauguzi na wafamasia wa mkoa huu. Kichupa kinakosekana zahanati, bili inalipwa hospitali ya rufaa, na kwa kuwa ni mafungu mawili tofauti, hakuna anayezisoma hesabu hizo mbili kwa pamoja.

Ugonjwa wenyewe unaanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaugua mafindofindo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Koo hupona kwa siku chache hata bila dawa, na huo ndio mtego wake, maana mzazi anahesabu yamekwisha. Wiki mbili hadi nne baadaye kinga ya mwili, iliyokwisha kumzoea bakteria huyo, inageukia viungo, ubongo na moyo wa mtoto mwenyewe, kwa sababu baadhi ya protini za bakteria zinafanana na zetu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti hupoa bila kuacha alama. Moyo hubaki na kovu, hasa kwenye valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto: kingo zake zinanenepa na kushikana, mlango unakuwa mwembamba, au haufungi vizuri na damu inarudi nyuma. Koo jingine la streptokoka likija, kovu linaongezwa juu ya kovu. Sindano ya kila siku 28 ipo kwa ajili ya kuzuia hilo koo la pili, la tatu na la nne.

Sasa tuje wodini, ambako fedha ndiko zinakokwenda.

Mgonjwa wa ugonjwa huu mara nyingi si mzee. Utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 katika hospitali 25 za nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, ulikuta nusu yao hawajavuka miaka 28 au wako papo hapo, na theluthi mbili ni wanawake. Ndani ya miaka miwili karibu asilimia 17 walikuwa wamefariki. Waliokuwa wakipata penisilini ya kinga walikuwa asilimia 55 tu. Takwimu hizo zikisomwa pamoja zinaeleza wodi zetu bila kuongeza neno: watu wa umri wa kulea na kulima, wanaolazwa kwa ugonjwa ambao karibu nusu yao hawakupewa hata kile cha kuuzuia usiendelee.

Mgonjwa anafika akiwa ameketi, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Anahitaji oksijeni, frusemidi ya mshipa (dawa ya kutoa maji mwilini), kitanda kinachoinuka upande wa kichwa, picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na vipimo vya figo na potasiamu. Potasiamu haipimwi kwa mazoea: frusemidi inaitoa pamoja na mkojo, ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika, na kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, hatari ni kubwa zaidi. Kila asubuhi anapimwa uzito, na mkojo wake unapimwa kwa mililita. Maji yakipungua anaruhusiwa kurudi nyumbani, na valvu iko vile vile. Vidonge vinapoisha, au nauli ya kliniki inapokosekana, anarudi, na safari ya pili hukaa wodini muda mrefu kuliko ya kwanza kwa kuwa ini na figo nazo zimeanza kulemewa.

Hapo bado hatujagusa matatizo yenyewe. Chumba cha juu cha kushoto kikitanuka, mapigo yanapoteza mpangilio, damu inaganda ndani, na bonge likiruka kwenda kwenye ubongo anayelazwa si mgonjwa wa moyo tena bali mgonjwa wa kiharusi mwenye miaka 30. Bakteria wakiota kwenye valvu yenye kovu, mara nyingi kwa kupitia jino bovu, matibabu ni antibayotiki za mshipa kwa wiki nne hadi sita. Kitanda kimoja, siku 28 hadi 42, mtu mmoja. Mama mwenye valvu nyembamba anaweza kuishi miaka bila kujijua hadi apate mimba. Damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, mlango uliobana hauwezi kupitisha kiasi hicho, na kati ya mwezi wa saba na saa chache baada ya kujifungua mapafu yanajaa maji. Kliniki ya wajawazito inaandika "anachoka, miguu imevimba", jambo ambalo kila mjamzito analo, na ndiyo sababu anakosewa.

Wanaohitaji kufunguliwa valvu kwa puto au kubadilishiwa hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 500 kutoka hapa, na hawaendi peke yao. Ndugu anayesindikiza ameacha shamba au genge. Na upasuaji si mwisho wa gharama. Valvu ya chuma iliyowekwa mahali pa ile iliyoharibika inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kibaki kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, valvu inaziba kwa damu iliyoganda. Kikipanda, mgonjwa anavuja damu. Mboga za majani zinakishusha, antibayotiki nyingi zinakipandisha. Wafarini hiyo hiyo inaharibu mimba changa, na tumesema theluthi mbili ni wanawake. Valvu ya tishu haidai wafarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema na kumrudisha mezani kwa mpasuaji. Kwa hiyo mkoa hauwezi kusema "tutawapeleka wakapasuliwe" ukafikiri umemaliza: kila anayerudi kutoka Dar ni mteja wa maabara zetu hadi mwisho.

Kwa mgonjwa aliye kwenye kinga, yaani sindano ya kila siku 28, mwaka mzima ni vichupa 13. Miaka 10 ni vichupa 130.

Tukianza na koo lenyewe, kuna kasoro moja ya sera ambayo tungependa muione kwa macho yenu. Matibabu ya bure ya watoto yanaishia wanapotimiza miaka 5. Homa ya baridi yabisi ni nadra chini ya umri huo, na inaanza kushika kasi pale pale msamaha unapokoma. Mtoto wa darasa la pili mwenye koo anatakiwa alipiwe kumwona daktari, kwa hiyo anapelekwa duka la dawa. Huko hupewa dawa kwa kadiri ya fedha aliyonayo mzazi mkononi. Tufanye hesabu ya mtoto wa kilo 20: amoksilini ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 1,000, ambazo ni kapsuli nne za 250, kwa siku 10. Jumla kapsuli 40. Anayeondoka dukani na kapsuli kumi amenunua siku mbili na nusu. Homa itashuka, mtoto atakula, na bakteria atabaki kooni. Wengine hupewa septrini, ambayo haimwondoi streptokoka kooni hata ikinywewa yote. Na wapo wanaopelekwa kukatwa kimeo, wanarudi na kidonda, damu imepotea, na bakteria yuko pale pale.

Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, inazuia homa ya baridi yabisi. Siku 9 ni muda wa kutosha hata kwa mzazi wa Kahe au Mabogini anayesubiri wikiendi. Tena katika miaka yote ambayo penisilini imetumika, streptokoka wa kundi A hajawahi kupatikana akiwa sugu kwake. Ni dawa chache mno tunazoweza kuzisema hivyo. Sindano moja ya benzathini inamaliza kazi ya kapsuli zote 40: yuniti 600,000 kwa mtoto aliye chini ya kilo 27, yuniti milioni 1.2 kwa aliye na uzito huo au zaidi. Hakuna dozi ya kusahau.

Mtu atasema tutachoma kila mtoto anayekohoa. Hapana. Makoo mengi ya watoto ni ya virusi. Takriban robo ndiyo ya streptokoka. Kanuni inayotosha zahanati isiyo na maabara ni hii: mtoto wa umri wa shule mwenye koo linalouma, homa, tezi za shingo zilizovimba na kuuma zikiguswa, au usaha kwenye mafindofindo, na hana kikohozi wala makamasi, apewe penisilini. Mwenye kikohozi, makamasi na macho mekundu apewe panadoli na maji ya kunywa, na mzazi aelezwe arudi lini. Kanuni hiyo inaenea kwenye karatasi moja ukutani. Tunaomba ichapwe na ibandikwe, pamoja na kwenye maduka ya dawa muhimu, na wenye maduka waambiwe wazi kwamba koo la aina ya kwanza linapelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Homa ya baridi yabisi ikishaingia, dalili zake zinafichwa na huruma yetu. Maumivu yanahama: leo goti la kulia, keshokutwa kifundo cha mguu wa kushoto, halafu kiwiko. Mtoto akipewa diklofenaki siku ya kwanza, kuhama kunakatika, na tabibu anayemwona baadaye anaandika "maumivu ya goti". Tunashauri panadoli tu hadi viungo viwe vimeangaliwa. Kuna dalili nyingine ambayo walimu huiona kabla yetu: mtoto anaangusha kalamu, mwandiko unaharibika ndani ya wiki chache, mikono na uso vinachezacheza bila yeye kutaka, analia bila sababu. Shuleni anaadhibiwa kwa utundu, nyumbani anaombewa. Moyo wa mtoto huyo unatakiwa upimwe kwa eko.

Sasa sindano ya kinga, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika kwa vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye ripoti yoyote.

Benzathini ni unga mzito. Ukichanganywa na maji ya sindano unakuwa kama maziwa, na ukiachwa kwenye bomba dakika chache unatuama. Muuguzi akitumia sindano ya bluu, geji 23, kwa kudhani anamhurumia mtoto, unga unaziba njiani, dawa inabaki kwenye bomba, na mtoto anachomwa mara ya pili. Inatakiwa ya kijani, geji 21. Kichupa kinatikiswa hadi kusiwe na mabonge, kinavutwa na kuchomwa hapo hapo. Lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1 isiyo na adrenalini, nusu mililita hadi moja, ikiwa sehemu ya maji ya kuchanganyia, inapunguza maumivu waziwazi. Kupasha dawa joto kwa viganja kunasaidia pia, na hakuna gharama. Mgonjwa alale, dawa iingie ndani ya msuli, robo ya juu ya nje ya tako au ubavuni mwa nyonga, bomba livutwe kwanza kuhakikisha hakuna damu, kwa sababu benzathini ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Kisha isukumwe polepole, dakika mbili hadi tatu. Dakika tatu zinaonekana nyingi foleni ikiwa ndefu, lakini anayechomwa kwa sekunde kumi anaondoka akichechemea, na mwezi ujao haji. Tukiandika "mtoro" kwenye kadi yake, mara nyingi tunaandika kosa letu.

Kuna jambo la ukubwa wa kichupa. Vipo vya yuniti milioni 2.4, dozi inayotumika kwa kaswende ya wajawazito, na vipo vya milioni 1.2. Kituo chenye vile vikubwa tu hutupa nusu kila mgonjwa wa moyo anapochomwa, au, vibaya zaidi, nusu hiyo inawekwa kwa ajili ya kesho. Maombi yanayokwenda Bohari ya Dawa yataje ukubwa. Tena yataje kwamba dawa ni ya wagonjwa wa moyo, kwa kuwa shehena inayoletwa kwa jina la kaswende huishia kliniki ya wajawazito, na ni haki yao. Wao nao hawana mbadala.

Kisha kalenda. Kadi nyingi huandikwa "kila mwezi". Mwaka una miezi 12 lakini una vipindi 13 vya siku 28. Anayekuja tarehe ile ile ya kila mwezi amekosa sindano moja, na katika kila mwezi wenye siku 30 au 31 ameishi siku mbili au tatu penisilini ikiwa imeshuka chini ya kiwango cha kulinda. Siku 28 zina faida nyingine ambayo haijatumiwa vya kutosha: daima zinaangukia siku ile ile ya wiki. Aliyeanza Jumanne atachomwa Jumanne maisha yake yote. Basi chagueni kwa kila kituo siku ya soko la hapo, iwe Kiboriloni, Mwika au Himo, ambayo mama anakuja hata hivyo kuuza ndizi, na kliniki hiyo ihesabike kuwa imejipatia nauli bila fungu.

Kipimo kinachotumika duniani ni angalau asilimia 80 ya sindano zinazotakiwa. Kwa mtu anayetakiwa kuchomwa 13, hiyo ni 11. Tunaomba kila Mganga Mfawidhi aulizwe namba moja tu kila robo mwaka: wagonjwa wako wangapi wako kwenye njia ya kufikisha 11? Siyo wangapi wamesajiliwa, siyo semina ngapi zimefanyika.

Daftari la kujibu swali hilo ni jepesi: jina, umri, uzito, simu mbili (yake na ya ndugu), tarehe ya eko, mzio kama upo, kinga inaisha lini, na visanduku 13. Muda wa kinga uandikwe kwenye kadi tangu siku ya kwanza. Kwa aliyeugua bila moyo kuguswa ni miaka 5 au hadi afikishe miaka 21, lolote litakalochelewa. Moyo ukiguswa bila kubaki na kasoro, miaka 10 au hadi miaka 21. Valvu ikibaki na kasoro, miaka 10 au hadi miaka 40, na wengine maisha yote. Mzazi asiyeambiwa hivyo huacha mtoto anapoonekana mzima, na mtoto aliye kwenye kinga huonekana mzima. Ndiyo maana ya kinga. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe majina ya waliochelewa siku tatu. Mkoa huu tayari unajua kufanya hivyo, CTC (kliniki za wanaoishi na VVU) na kliniki za kifua kikuu zinafanya kila wiki. Hatuombi mfumo mpya, tunaomba mlango wa ule uliopo ufunguliwe kidogo.

Kilimanjaro ina jambo lake pia: shule za bweni. Vitanda vya ghorofa vilivyobanana, kikombe kimoja kwa wanne, baridi ya Juni hadi Agosti, na matroni mwenye kopo la panadoli. Streptokoka asingeomba mahali pazuri zaidi. Nusu mita ya ziada kati ya vitanda, dirisha lililofunguliwa usiku na ndoo ya kunawia vina thamani kuliko mahubiri ya usafi, na wakaguzi wa shule wanaweza kuvipima kwa futi kamba. Mwanafunzi aliye kwenye kinga ana tatizo la pekee: kadi inabaki kwa matroni wakati wa likizo, yeye yuko kwao Babati au Korogwe, na anarudi Januari akiwa na visanduku viwili vitupu. Kadi isafiri na mtoto. Kituo chochote kimchome bila kumrudisha kwa barua.

Tuseme na kuhusu woga, kwa sababu upo na hauondoki kwa waraka. Wauguzi wengi hawapendi kuchoma benzathini wakiogopa mgonjwa kufia mikononi mwao. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1991 ulihesabu sindano 32,430 kwa wagonjwa 1,790: waliopata mshtuko mkali wa mzio walikuwa 4, aliyefariki 1. Kwa hiyo woga una msingi mdogo, na msingi huo unashughulikiwa kwa adrenalini. Kila chumba cha kuchomea kiwe na ampuli zake ukutani, siyo kwenye kabati la famasi lililofungwa saa tisa alasiri: nusu mililita ya adrenalini ya 1 kwa 1,000 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, mililita 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mgonjwa aulizwe kuhusu mzio kila mara, na abaki kituoni nusu saa. Kuna kundi jingine ambalo vifo vyake hudhaniwa ni mzio kumbe ni moyo wenyewe kushindwa kuvumilia maumivu na mshtuko: wenye valvu iliyobana vibaya sana, wenye moyo usiosukuma vizuri, wanaohema wakiwa wamekaa. Ushauri uliotolewa Marekani mwaka 2022 ni kwamba hao wafikiriwe kupewa penisilini ya vidonge, asubuhi na jioni. Wote wengine wale na kunywa maji kabla, wachomwe wakiwa wamelala, na wasiinuke haraka. Muuguzi akilijua hili kwa ukamilifu woga unageuka kuwa uangalifu, na uangalifu ndio tunaoutaka.

Kwenye manunuzi hesabu ni hii. Halmashauri yenye wagonjwa 100 waliosajiliwa inahitaji vichupa 1,300 kwa mwaka. Ongeza asilimia 10 kwa vinavyovunjika, kuziba au kuisha muda, unapata 1,430. Idadi hiyo hiyo ya maji ya sindano, mabomba ya mililita 5 na sindano za geji 21. Makoo ya watoto yawekewe hesabu yake pembeni, yasile akiba ya wagonjwa wa moyo. Unga hauhitaji friji, unahitaji kabati lisilopata jua, na kwa zahanati za Same na Kahe mwezi Februari hilo si jambo la kupuuza. Akiba isishuke chini ya miezi mitatu. Malighafi ya dawa hii inatengenezwa na viwanda vichache mno duniani, na uhaba umewahi kuzikumba nchi nyingi kwa wakati mmoja. Anayeagiza rafu ikiwa tupu anaingia mwisho wa foleni.

Neno la tahadhari kuhusu kampeni za kupima moyo mashuleni, kwa kuwa zinapendeza kwenye picha. Eko inagundua kweli. Huko Msumbiji, katika utafiti uliochapishwa 2007, kusikiliza kifua kulipata watoto 2.3 kwa kila 1,000 na eko ikapata 30.4. Na waliogunduliwa mapema wanasaidika: utafiti wa Gulu, Uganda, kwa watoto na vijana 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujajionyesha, ulikuta baada ya miaka miwili ugonjwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa benzathini, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Lakini kilichowalinda watoto wa Gulu ni sindano. Mkipima shule nzima ya Pasua au Njoro kabla kabati la dawa halijajaa, mtakuwa mmewapa wazazi jina la ugonjwa na kuwaacha nalo mlangoni. Dawa kwanza, daftari pili, eko tatu. Fulana na mabango yanaweza kusubiri kabisa.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi wanachama pale Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha azimio namba 71.14 mwezi Mei 2018, linalozitaka serikali zihakikishe penisilini hii inapatikana wakati wote. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaomba sauti ya mkoa isikike Wizarani ili koo la mtoto wa miaka 5 hadi 15 na sindano ya kila siku 28 viwe ndani ya kitita cha msingi, bila kuchangia kituoni.

Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha inaishia Septemba. Kufikia hapo kila halmashauri inaweza kuwa na mambo manne: orodha ya wagonjwa wake iliyochukuliwa kutoka kliniki za moyo za hospitali za rufaa, kituo kimoja cha kuchomea kwa kila tarafa, wauguzi wawili kwa kila kituo (mmoja akienda likizo, mwingine yupo), na akiba ya miezi mitatu kabatini. Mafunzo ya kuchoma yanachukua asubuhi moja, na yanaweza kufanyika kituoni bila posho ya kulala. Wakufunzi tuko tayari, tarehe mtupangie ninyi.

Wenu katika utumishi,
Matabibu, wauguzi na wafamasia
Moshi